Madai ya bima yanarudi rudi? Namna ya kupanga data ya kituo chako cha afya ili kila bima ikuelewe

Kulwa na Doto walikuja kituoni siku moja, mapacha, wote wa kike, jina la baba moja, tarehe ya kuzaliwa moja, Kulwa ana malaria na Doto kamsindikiza tu ila alivofika akasema na yeye apimwe kichocho maana wanashinda ziwani kufua na kuoga. Mapokezi tukawaandika vizuri tu kwa macho yetu. Mwisho wa mwezi tukatuma madai, bima moja (siitaji) ikarudisha yote mawili, la Kulwa wakasema limejirudia na la Doto, la Doto limejirudia na la Kulwa. Yaani mapacha wamekuwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja naye halipiwi.

Tulilalamika weee. Baadaye nilipokaa na yale madai mezani nikaona kumbe sote tuna makosa, wenzetu sistimu yao ilikuwa inalinganisha jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na siku ya huduma basi, na sisi kisanduku cha namba ya uanachama kwenye fomu yetu kilikuwa kifupi, kijana wa mapokezi akawa anaacha zile tarakimu za mwisho ambazo ndo zinatenganisha watu wa familia moja. Netiweki ilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, shida ni kwamba kitu kilekile kila upande unakiita kivyake. Kwa hiyo huu mwongozo ni wa kituo kidogo au cha kati, zahanati, kliniki, polikliniki, yenye kadi za bima tatu nne tofauti na mtu mmoja wa aiti ambaye pia ndo anabadilisha wino wa printa. Usinunue sistimu mpya kabla hujafanya haya, utakuja kurudishiwa madai yaleyale ila kwa spidi zaidi.

Na kadi zinaongezeka tu jamani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umeanza kazi 2001, CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa ikaja, bima binafsi zipo, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Anayefika saivi mapokezi mkono mtupu na hela mfukoni kesho atakuja na kadi.

Hatua ya 1: Andika mazungumzo, achana na fomu kwanza

Chukua karatasi, sahau fomu zote. Kati yako na bima kuna maswali matano tu. Huyu ni mwanachama hai na kifurushi chake kinabeba nini? Naomba kibali cha hiki kipimo au hii operesheni. Nimetoa huduma, nawadai. Dai langu limefika wapi? Na hii hela mliyoingiza ni ya madai yapi, mmekata nini na kwa sababu gani?

Marekani haya maswali yamepewa kila moja namba yake. Kuuliza uanachama ni 270 na jibu lake 271, kibali ni 278, dai lenyewe 837, kuulizia dai limefika wapi ni 276 na jibu 277, maelezo ya malipo 835. Namba hizo ni za X12, kamati iliyoanzishwa 1979 kwa ajili ya makampuni kupeana nyaraka za biashara kwa kompyuta. Na usidhani walikaa siku moja wakakubaliana. Mwaka 1991 waziri wao wa afya, Louis Sullivan, aliwakusanya watu wa bima na watu wa hospitali wazungumze jinsi ya kupunguza makaratasi, sheria inaitwa HIPAA ikapitishwa 1996, na tarehe ya mwisho ya kila mtu kutumia fomati moja ilikuja kuwa 16 Oktoba 2003. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi, na wao wana hela.

Cha kuiga hapo siyo zile namba, ni kwamba kila swali lina jibu lake linalojulikana, lenye vipengele vilevile kila siku. Wewe chora jedwali, mistari mitano ya maswali, kolamu za bima zako. Kila kisanduku jaza nani kituoni anauliza, anapitia wapi (portali yaani tovuti ya bima, simu, karatasi, faili la Excel kwa imeili) na jibu linakuja kwa sura gani. Sisi tulipojaza tukakuta swali la nne halina njia kabisa kwa bima mbili, yaani ukitaka kujua dai lako liko wapi ni kumpigia simu dada mmoja na akiwa likizo ndo basi tena. Hilo tu lilitosha kuandika barua.

Hatua ya 2: Watu wawe wao, kila siku, kila sistimu

Hapa kaa sana, madai mengi yanafia hapa.

Namba ya uanachama iandikwe nzima kama ilivyo kwenye kadi, na isomwe kutoka kwenye kadi, siyo kwenye faili la mwaka juzi. Jina ni la kusaidia tu, usilitegemee. Huku Usukumani mtu anaitwa Ng'wanashija, kwenye kadi kaandikwa Nghwanashija, kwenye kitambulisho Mwanashija, wote ni yeye. Afu kale kamkato ka juu ka ng'ombe ni kashetani kadogo, ukikachapa kwenye simu kanatoka kamepinda, ukikachapa kwenye kompyuta kanatoka kamenyooka, kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti na kuna sistimu zikikakuta zinalikata jina hapohapo, mgonjwa anabaki anaitwa Ng. Amueni kamkato kamoja, kale kalikonyooka, na mtu wa aiti aweke kanuni ya kubadilisha vile vingine vyote kabla faili halijatoka.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, zile nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ni kifaa kizuri cha kuhakiki tarehe. Ila watoto wengi hawana, usiifanye kuwa lazima kwa kila mgonjwa, mtakwama na chekechea nzima. Na tahadhari ya Excel: yenyewe inashika tarakimu 15 tu za namba. Ukibandika NIDA kwenye kisanduku cha kawaida inageuka kuwa kitu kama 1.98E+19, na ukikirudisha kuwa namba, zile tano za mwisho zimeshakuwa sifuri. Hazirudi. Mi nimeshaona orodha ya wanachama ambayo kila mtu NIDA yake inaishia 00000 na watu wanabishana kwa nini wote hawatambuliki. Kabla hujabandika chochote, badili hiyo kolamu iwe maandishi. Vivyo hivyo namba za simu, sifuri ya mbele inaliwa, bora muandike zote zianze na 255.

Kituo nacho kina utambulisho. Tumia namba yenu ya kwenye rejesta ya vituo ya Wizara ya Afya, na iwe hiyohiyo kwa bima zote pamoja na ile namba ambayo bima imewapa. Jina la kituo linabadilika, mwenye nyumba akibadilika mnakuwa Igoma leo Buzuruga kesho, namba inabaki.

Hatua ya 3: Tarehe, na zaidi ya tarehe, saa

Tarehe andika 2025-04-03, mwaka kwanza, mwezi, siku. Ndo kiwango cha kimataifa, ISO 8601, na raha yake hakuna wa kukuuliza kama 03/04 ni Machi au Aprili.

Saa sasa. Sisi saa zetu zinaanza asubuhi, kompyuta yake inaanza usiku wa manane, na hakuna mtu anaandika hili kwenye mafunzo yoyote maana mafunzo yanaletwa na watu ambao hawana shida hii. Mgonjwa kalazwa saa 5 asubuhi, nesi kaandika 5:00. Karuhusiwa saa 1 jioni siku hiyohiyo, nesi kaandika 1:00. Sistimu ya bima inasoma mgonjwa katoka masaa manne kabla hajaingia. Dai limerudi, sababu "tarehe batili", na wewe unaangalia tarehe unaona iko sawa kabisa unaanza kumtukana mtu bure.

Zamu ya usiku ni mbaya zaidi. Mama kaletwa saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwenye kitabu cha zamu anaandikwa chini ya tarehe 14 kwa sababu zamu ilianza tarehe 14. Kibali kimeombwa kwenye portali, portali imeandika tarehe 15. Dai linasema 14, kibali kinasema 15, kwa bima hiyo ni huduma iliyotolewa kabla ya kibali. Dawa yake: saa kubwa ya ukutani ya saa 24 pale wodini na mapokezi, kitabu cha zamu kiwe na kolamu ya "tarehe ya kompyuta", na manesi waelekezwe kwa mfano huo wa saa 8 usiku kuwa ni 02:00 ya tarehe inayokuja. Tulinunua saa mbili kule sokoni mjini kati, zimetuokolea hela kuliko semina.

Hatua ya 4: Kodi za magonjwa (siyo kodi ya TRA)

Kodi ni alama fupi ya herufi na namba inayosimama badala ya jina la ugonjwa, na zinazotumika sana kwenye madai ni za ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. ICD-11 ipo, imeanza rasmi 1 Januari 2022, ila swali lako kwa kila bima ni moja tu, mnapokea ipi? Usichanganye mbili kwenye faili moja.

Usimpe daktari kitabu kizima, hatakifungua. Kaa naye na rejesta ya miezi mitatu, hesabuni magonjwa 40 yanayokuja sana hapo kwenu, tengenezeni karatasi moja ibandikwe mezani. Huku ziwani karatasi yenu haitafanana na ya Arusha. Kichocho ni B65, lakini cha mkojo ni B65.0 na cha tumbo ni B65.1, na kipimo lazima kiendane, ukidai kipimo cha choo na ugonjwa ukaandika B65.0 msomaji wa madai atakuuliza na ana haki. Malaria ukiona P. falciparum (aina mojawapo ya kimelea cha malaria) kwenye kipimo ni B50, ukiandika B54 maana yake ni malaria isiyojulikana ya aina gani, sasa ulipima cha nini? UTI ni N39.0, taifodi A01.0, presha ya kupanda ya kawaida I10. Herufi ya kwanza ni herufi, I ya presha siyo namba 1, hili limeturudishia madai ya wazee wa presha mwezi mzima.

Daktari aandike kodi mwenyewe palepale. Ukimwachia karani atafsiri mwandiko wa daktari mwisho wa mwezi unapata magonjwa ambayo hayajawahi kufika Mwanza.

Hatua ya 5: Daftari la tafsiri

Hii ndo kazi yenyewe, na ni ya kuchosha, itakula wiki mbili.

Kila dawa, kipimo na huduma unayotoa iwe na kodi yako moja ya ndani. Afu kolamu za kila bima: wao wanaita nini, kodi yao, kipimo cha kuhesabia, bei, bei imeanza lini, imeisha lini. Usifute bei ya zamani, funga tarehe yake na ufungue mstari mpya, kwa sababu dai la tarehe 28 linalipwa kwa bei ya tarehe 28 hata kama unalituma mwezi unaofuata bei ikiwa imeshabadilika.

Kolamu ya kipimo cha kuhesabia msiipite haraka. Dozi ya ALu, dawa ya malaria, ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Dirisha la dawa linaandika "1", maana dozi moja. Bima inahesabu kwa kidonge, wanakulipa kidonge kimoja. Ukirekebisha bila kusema na mtu, dirisha waandike 24, kumbe bima ya pili inahesabu kwa dozi, umewadai dozi 24 za malaria kwa mtu mmoja na sasa wanataka kuja kukagua. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, vivyo hivyo, inatolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, kwa hiyo haina "dozi moja" ya kila mtu, hiyo lazima iende kwa kidonge na uzito uandikwe. Ndani ya kituo hesabuni kwa kitu kidogo kabisa, kidonge, mililita, kipimo kimoja, afu daftari la tafsiri ndo lizidishe au kugawanya kulingana na bima. Watu wa dirishani wasikumbuke bima, hiyo siyo kazi yao.

Hatua ya 6: Chombo cha kubebea

Hapa watu wa kuuza sistimu wanapenda kukaa masaa, mi napita. Kama bima inapokea faili, CSV (faili la maandishi matupu, kolamu zinatenganishwa kwa koma) yenye mpangilio wa kolamu mliokubaliana kwa maandishi inatosha kuanzia. Kama wana mlango wa kompyuta kuongea na kompyuta, uliza kama wanafuata FHIR, hicho ni kiwango cha HL7, shirika la viwango vya data za afya lililopo tangu 1987, na ndani yake kuna vifurushi vilivyokwisha kupangwa: Coverage kwa uanachama, Claim kwa dai, ClaimResponse kwa jibu. Siyo ya mbali na sisi, openIMIS, sistimu ya kuendeshea bima za afya, inaongea FHIR, na mizizi ya openIMIS ni hapahapa Tanzania, ile sistimu ya CHF iliyoanzia Dodoma 2012 kwa msaada wa Uswisi. Kama mnatumia GoTHOMIS, sistimu ya serikali ya vituo vya afya, au sistimu ya binafsi, muulize mwenye nayo swali moja, je, inaweza kutoa dai likiwa na kolamu zangu zote za hatua ya 2 mpaka 5? Akianza kuzungumzia rangi za dashibodi, ondoka.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika katikati

Umetuma madai 200, kwenye la 130 umeme umekatika, au upo Ukerewe na netiweki imeenda na upepo. Ukituma upya yote, 130 ya kwanza yanaonekana yamejirudia. Suluhisho ni kila dai kuwa na namba yake moja tangu mgonjwa anafungua faili mapokezi, namba isiyobadilika hata ukituma mara kumi. Tumia namba ya kituo, tarehe, na namba ya mfululizo ya siku hiyo. Kubaliana na bima kwamba wakiona namba ileile na toleo lilelile mara ya pili wanaipuuza kimyakimya, wasirudishe. Na unapolirekebisha dai lililorudi, namba inabaki ileile, unaongeza tu kolamu ya "toleo", 1, 2, 3. Kupokelewa nako wathibitishe, jibu la "tumepata madai 200, jumla shilingi kadhaa", siku hiyohiyo, hata kabla hawajasoma. Bila hiyo risiti siku za mwisho wa kuwasilisha zinapita na neno lako dhidi ya lao.

Hatua ya 8: Sababu za makato ziwe na namba

"Dai halijakidhi vigezo." Vigezo gani? Hiyo sentensi imenizeesha. Marekani kila makato yana namba ya sababu, 16 ni taarifa imepungua, 18 dai limejirudia, 29 muda wa kuwasilisha umepita, 45 bei imezidi ya mkataba, 197 hakukuwa na kibali. Huhitaji orodha yao ndefu, andika sababu kumi na tano zinazowatokea, zipe namba, na uwapelekee bima zako kama pendekezo. Ukienda peke yako watakusikiliza kwa adabu tu. Sisi tulienda vituo vitano vya Ilemela na Nyamagana pamoja na karatasi moja, kikao cha saa mbili, chai na maandazi, bima mbili zikakubali kujaza hiyo kolamu. Ya tatu bado inatuambia vigezo.

Hatua ya 9: Siri za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti. Fomu za wagonjwa kupigwa picha na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp "Madai Kituoni" iishe leo. Faili liwekwe nenosiri, nenosiri liende kwa njia nyingine, na kila anayeingia kwenye portali awe na akaunti yake, siyo ile moja ya "mapokezi" ambayo hata aliyeacha kazi mwaka jana anayo. Bima apewe cha kulipia dai, historia nzima ya mama wa watu abaki nayo daktari.

Hatua ya 10: Jaribu na yaliyokufa

Usianze na madai mapya. Chukua 30 yaliyorudishwa miezi iliyopita, yapitishe kwenye mpangilio mpya, na kabla ya kutuma muweke mtu mwingine ayasome kama yeye ndo bima. Yale ya mapacha yawepo, mzee wa NIDA yenye sifuri awepo, aliyelazwa saa 8 usiku awepo. Yakipita, tumeni kwa bima moja tu, ile inayopokea simu, mwezi mmoja. Hela ikiingia, mhasibu akae na maelezo ya malipo na orodha yenu, dai kwa dai kwa namba yake, siyo jumla kwa jumla, maana jumla inaweza kukaribiana huku ndani wamekulipa vidonge vya mtu mmoja kwa jina la mwingine. Kila mstari usiolingana uandikiwe namba ya sababu ya hatua ya 8, urudi kwa aliyeusababisha, awe dirishani, wodini au kule bima, ndani ya wiki hiyo kabla watu hawajasahau mgonjwa mwenyewe alikuwa nani.